Chakula cha Anayekula

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Fundi Miwani ilichukua miezi mitano, na kila siku ya kazi, saa saba mchana, ilipitia mkahawa wa Kichina.

Mwanamke huyu alisaga vioo vya miwani katika duka lililotazamana na mkahawa huo. Kila asubuhi mama mkwe wake alimkabidhi hotipoti mlangoni, imefungwa kwa kitambaa, bado ina moto. Kila mchana Fundi Miwani aliivusha barabara, akaitua kwenye kaunta, kisha akaagiza bakuli la tambi za mchuzi na vifuko vinane, vile vya unga vinavyojazwa nyama na kabichi na kupikwa kwa mvuke. Hotipoti ilibaki kwa mwenye mkahawa, ambaye wateja walimwita Bibi Unga kwa kuwa mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni.

Chanzo kilikuwa chumvi. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alihamia kwao na sanduku moja na mwiko wake. Siku zile za mwanzo msiba ulikuwa haujamtoka, na chakula chake kilikuwa na chumvi ya kukausha ulimi. Angesema tu, "Mama, chumvi imezidi kidogo." Maneno manne tu, watu wamewaambia wakwe zao makubwa kuliko hayo na wakaendelea kuishi. Lakini Fundi Miwani alikuwa amemsikia akimwambia jirani, "Kumpikia huyu mkwe wangu chakula cha mchana ndiyo kazi niliyobaki nayo. Nikiikosa hiyo, humu ndani mimi ni mgeni tu." Basi akamwonea huruma, akanyamaza, akaenda kula tambi. Ati huruma!

Bibi Unga aliipokea hotipoti kwa mikono miwili. Anayekunja vifuko mia tatu tangu alfajiri hana hamu navyo ikifika mchana. Alikula, akaiosha mwenyewe, akairudisha inang'aa.

Jioni mama mkwe aliuliza, "Umeshiba, mwanangu?"

"Nimeshiba sana, Mama."

Kushiba alishiba kweli, na hapo ndipo alipojificha. Lakini moyo ulimsuta. Ulimsuta zaidi alipomkuta mama mkwe ameinamia ungo, anachambua dengu za kesho punje kwa punje, amevaa miwani aliyotengenezewa na mkwewe huyo huyo. Mara ngapi alifungua kinywa aseme, akaishia kuomba maji ya kunywa!

Jumanne moja Bibi Unga alimuuliza, "Chakula hiki anapika nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Anajua nakula mimi?"

Angesema hapana, yangeishia hapo. Lakini aliona aibu mbele ya yule mwanamke aliyekuwa anakomba mchuzi wa mwisho kwa kijiko. "Anajua," akasema, na kurudi kwenye bakuli lake.

Bibi Unga alikuwa mtu wa adabu, na hakuona ni vizuri mpishi anayejua anamlisha nani akose hata asante. Kesho yake hotipoti ilirudi imefungwa vizuri kwa kitambaa chake. Fundi Miwani aliitia mkobani bila kuifungua. Ya nini kufungua chombo kitupu?

Jioni ile mama mkwe aliipeleka kwenye karo la kuoshea vyombo, akasita, akaipima mkononi. Akafungua. Ndani mlikuwa na vifuko sita vimepangwa duara juu ya jani la kabichi.

Fundi Miwani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama mkwe alichukua kimoja, akakitafuna taratibu. "Kitamu. Nani kaniletea?"

"Mama wa mkahawani. Anakushukuru."

"Ananishukuru nini?"

Bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Kwa chakula, Mama."

"Tangu lini?"

"Miezi mitano."

Mama mkwe hakufoka. Heri angefoka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake, akaivaa tena na kumtazama. "Ungeniambia tu, mwanangu," alisema, akaenda kulala bila kuchambua dengu.

Usiku kucha Fundi Miwani aligeuka kitandani, akijua kesho hatapewa kitu. Asubuhi akaikuta hotipoti mlangoni, nzito kuliko siku zote, na mama mkwe ameishika. Machozi yalimlengalenga.

"Asante, Mama. Leo nitakula, naapa."

"Si chako hiki," mama mkwe alisema kwa upole. "Leo nimempikia anayekula. Nifikishie."

Saa saba alivuka barabara, na hakuagiza chochote. Bibi Unga alifunua, harufu ya tangawizi na kitunguu ikatanda mezani. Dengu, wali, mboga ya majani.

"Naomba nionje," Fundi Miwani alisema. "Kijiko kimoja tu."

Akaonja. Chumvi ilikuwa sawasawa. Dengu zilikuwa laini, na hakuna hata kijiwe kimoja kilichomgusa jino.

"Huwa kiko hivi?"

"Mwanzo chumvi nyingi," Bibi Unga alisema, akivuta hotipoti upande wake. "Wiki mbili hivi. Baadaye kitamu kila siku. Hujui?"

Fundi Miwani alikaa pale akimtazama mwenzake akila mpaka mwisho, huku tumbo likimnguruma, na tambi hazikumpendeza hata kwa macho.

Jioni mama mkwe alikuwa anamngoja mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Amekula?"

"Amekula, Mama. Hakubakisha."

"Kasemaje?"

"Kasema kitamu. Kasema ni kitamu kila siku."

Mama mkwe alitabasamu mpaka mashavu yakainua miwani, akaipokea hotipoti, akaingia nayo jikoni kuchambua dengu za kesho. Jioni hiyo hakumuuliza kama ameshiba.