Chokaa ya Shimo la Saba

Chuki ilimshika Faridi tangu getini mwa hoteli, kabla hajaliona hata shimo la kwanza la gofu. Ilikuwa ni yale majani. Mwaka wa tano wa vita, mashamba ya Rumonge yamegeuka pori kwa kuwa kwenda kulima ni kwenda kuitafuta risasi, na hapa kando ya msitu wa Kigwena mtu amekata michikichi yake akapanda majani yasiyoliwa na mtu wala mbuzi, anayanywesha maji ya ziwa kwa pampu, asubuhi na jioni. Ng'ambo ya ua wa seng'enge, kambi nzima ya waliokimbia kutoka vilimani ilikuwa imepanga foleni ya ndoo kwenye bomba moja.

Alipita hata hivyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Faridi alikuwa ameinama miaka minane huko Bujumbura, akiwabebea wakubwa mifuko ya fimbo zao, akiwasifu hata walipopiga hewa. Mchezo wa gofu alijifunza mwenyewe ufukweni kwa fimbo iliyovunjika, akawapita wote aliowabebea. Sasa Hubert, tajiri wa mawese na mwenye hoteli hii, alitaka kijana wa kusomea ualimu wa gofu: miaka miwili chini ya mwalimu kutoka Nairobi, halafu cheti chenye muhuri. Kwa cheti kile mtu angefundisha popote pasipo na vita. Aliya, mkewe, alimpigia shati pasi akamwambia, "Usikose hii."

Mtihani ulikuwa mashimo tisa, akicheza na Hubert mwenyewe, asizidishe mapigo arobaini. Hubert alinukia marashi kama maiti ya kifahari, na kila alipodhani haonekani aliusogeza mpira wake kwa ncha ya kiatu. Faridi aliona kila mara, akageuza macho ziwani.

Kwenye shimo la saba, mpira wa Faridi uliangukia kwenye matuta yaliyozungushiwa mstari wa chokaa.

"Aa, swali ya mtihani!" Hubert alifurahi. "Mupira iko ndani ya mustari mweupe. Unafanya je?"

"Ni terrain en réparation, patron, pahali panapotengenezwa. Ninautosha, ninauangusha inje, hakuna penalite."

"Très bien! Ndani ya mustari hakuna mutu anacheza. Ni sheria, hata kwa colonel."

Faridi aliingia kuuchukua mpira huku akijipongeza. Hapo ndipo alipoyaona matuta vizuri. Yalikuwa na urefu wa mtu, mengine urefu wa mtoto, na yote yameelekea upande mmoja.

"Patron, haya si makaburi?"

"Ya watu wa kambi. Kolera, na zile zingine. Walizika bila kuniomba ruhusa. Mawe yao nilitosha, yanaharibu mashini ya kukata majani."

Wazee walisema kufa kufaana, lakini hawakuota kwamba mtu angekufa ili wengine wapate swali la mtihani. Faridi alimaliza kwa mapigo thelathini na nane. Kilichomchukiza kuliko vyote ni kwamba tangu pale hakukosea hata pigo moja.

"Kazi ni yako," Hubert alisema. "Kesho anza na chokaa, mvua imefuta mistari. Dimanche wakubwa wanakuja."

Asubuhi alikwenda na ndoo na brashi, amekusudia kuimaliza kazi ile haraka bila kutazama chini. Bibi mmoja alimngoja penye tundu la ua, jina lake Kulthumu.

"Amahoro, mwanangu. Ni wewe utapiga ile mistari?"

"Ni mimi, mama."

"Basi zungushia na bwana yangu. Ramazani, fundi wa mitumbwi. Alibaki inje ya mustari, wanamukanyaga na viatu vya misumari."

Faridi alitamani ardhi immeze. Alikuja amejiandaa kulaaniwa, si kuombwa.

"Wako wengine inje?"

Kulthumu akawaonyesha kwa kidevu, mmoja mmoja, na majina yao, mpaka penye bendera ya shimo. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Faridi alichovya brashi.

Jumapili Hubert alifika shimo la saba na wageni wake, akasimama ghafla. Mstari mmoja mpana, mweupe, ulizunguka uwanja wote wa shimo lile, na bendera imesimama katikati yake.

"Wanatengeneza nini hapa?" aliuliza afisa mmoja.

Hubert alimkodolea macho Faridi. Faridi alivua kofia ya hoteli, akaiweka juu ya majani.

"Ramazani, fundi wa mitumbwi," alianza. "Dada Bora, na mutoto wake. Mzee Radjabu wa Gatete..."

Aliwataja wote kumi na tisa waliolala pale. Na ndani ya mstari, siku ile, hakuna mtu aliyecheza.