Linki za Bi Rukaiya

Farhan aliishi Mwananyamala kwa dada yake, na alifanya kazi ambayo shemeji yake hakuwahi kuielewa. Alizisaidia biashara zionekane mtandaoni. Mtu akiandika kwenye simu kwamba anatafuta maturubai ya kukodi Dar, wapo wanaotokea juu kabisa, na wapo walio chini huko ambako hakuna anayefika. Farhan alilipwa kuwatoa watu huko chini.

Mteja wake mkubwa alikuwa Khalfani wa Sinza, mkodishaji wa maturubai, viti na jenereta. Vitu vya Khalfani vilikuwa safi: maturubai meupe yasiyo na kiraka, viti vya dhahabu vya harusi, malori yaliyoandikwa jina lake ubavuni. Lakini kila alipotafuta kwenye simu, aliyekuwa juu yake alikuwa mwanamke wa Yombo Vituka, Bi Rukaiya, mwenye maturubai ya bluu yaliyopauka na picha zenye ukungu.

"Huyu mama ana nini ambacho mie sina?" Khalfani aliuliza.

"Ana linki, bosi."

"Linki ndiyo nini?"

Farhan alifikiri namna ya kumweleza. "Chukulia umehamia mtaa mgeni, unatafuta fundi bomba. Fundi mwenyewe akikwambia yeye ni hodari, humsikilizi. Lakini akikutajia jirani, akakutajia mwenye duka, akakutajia na imamu, utamfuata. Mtandaoni ni hivyo hivyo. Tovuti ya mtu inaweka maneno, ukiyabonyeza yanakupeleka kwa mwingine. Google inaona watu wanaoheshimika wanamwelekezea Bi Rukaiya, inamweka mbele."

"Basi tununue na sie."

"Ulishanunua kabla sijaja. Yule jamaa alikuwekea kwenye tovuti za kubeti na za dawa za nguvu za kiume. Hiyo ni kama kutolewa ushahidi na kibaka. Ndiyo maana ulipanda wiki chache kisha ukaporomoka."

Khalfani akanuna. Farhan akaahidi kuchunguza ni akina nani hao wanaomwelekezea yule mama.

Siku iliyofuata akakaa na kompyuta yake akazifuata linki moja baada ya nyingine. Alikuta parokia ya jirani na Yombo, msikiti wa Tandika, umoja wa wanafunzi wa hosteli za Mabibo, chama cha watu wa Mbeya waishio Dar. Wote walielekeza kwenye ukurasa mmoja wa Bi Rukaiya, uitwao "Ukifiwa Dar na huna ndugu." Farhan akaubonyeza. Ukurasa haukuwepo. Akajaribu kupitia msikiti, akajaribu kupitia Mabibo, kote jibu lilikuwa lile lile: ukurasa haujapatikana. Mtu alikuwa ameitengeneza upya tovuti ya Bi Rukaiya na kuiacha anwani ya zamani ikifa. Kumbe mama wa watu alikuwa anashuka taratibu, na pengine hakuwa na habari.

Katika kazi ya Farhan kuna njia inayojulikana na haikatazwi. Ukikuta linki imekufa, unamwandikia mwenye tovuti: ndugu, ile linki yako haifanyi kazi, ila sie tunao ukurasa kama ule, weka wetu. Alipomweleza Khalfani, bosi alipiga meza kwa furaha.

"Waandikie wote leo leo!"

Farhan akatunga ukurasa mchana ule. Juu aliweka pole kwa wafiwa, chini akapanga bei za maturubai, viti na spika. Kisha akatuma barua pepe kwa wote.

Wa kwanza kumpigia alikuwa Apolonia, katibu wa ile parokia. Hakusema atabadilisha wala hatabadilisha. Alisema tu, "Njoo ofisini, mdogo wangu, tuongee."

Farhan alikwenda akiamini ameshapata linki yake ya kwanza. Alimkuta Apolonia, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ameufungua ule ukurasa wa Khalfani kwenye kompyuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa. Nimesoma mlichoandika. Sasa nikuulize. Chukulia mie ni mwanamume, mke wangu amekata roho alfajiri hii, ndani ya chumba cha kupanga. Kwetu ni Bukoba, hapa mjini sina mtu. Ukurasa wenu unaniambia nianze wapi?"

Farhan aliutazama ukurasa wake mwenyewe. "Hausemi, dada."

"Unaniambia bei ya viti."

Apolonia hakuwa na hasira. Alimsimulia kwamba mtu huyo alikuwepo kweli, anaitwa Audax, muumini wa pale parokiani. Mkewe alipofariki, alikaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyofunikwa, hajui ashike lipi. Bi Rukaiya, jirani yake, ndiye aliyemwinua. Alikwenda naye kwa mwenyekiti wa mtaa, akakwenda naye hospitali kufuata kibali cha mazishi, akaja naye parokiani.

"Aliingia hapa na baibui lake, akaniuliza nyie Wakatoliki mnafanyaje, nielekeze nisije nikakosea. Alipika, akafunga turubai lake, hakutoza kitu. Baada ya arobaini akaniambia, Apolonia, mjini humu akina Audax ni wengi, na mie siwezi kukaa nje ya kila mlango. Ndipo akaandika ule ukurasa. Alikuja kuniuliza kila kitu cha Kikristo, akamuuliza imamu cha Kiislamu, akawauliza wanafunzi wa Mabibo mwenzao akifa wanafanyaje. Hakuna aliyeombwa kumwekea linki. Tuliweka wenyewe, kwa sababu simu zilikuwa zinatuchosha, na yeye alikuwa ameshajibu."

Kutoka parokiani mpaka kwa Bi Rukaiya hapakuwa mbali. Farhan angeweza kurudi Sinza. Alijikuta anauliza njia.

Alimkuta uani, amejifunga kanga kiunoni, anasugua ukungu kwenye turubai lililotandazwa sakafuni. Mama wa miaka sitini hivi, mkono mwepesi. Farhan alimwamkia, akajitambulisha, akasema wazi anamfanyia kazi nani na alikuwa ametumwa kufanya nini.

Bi Rukaiya alicheka. "Kwa hiyo mwanangu umetumwa uje unizike."

"Ndiyo, mama. Lakini nimeona kwanza nikwambie. Ule ukurasa wako haufunguki."

Akamwonyesha kwenye simu. Bi Rukaiya aliweka brashi chini. Akafuta mikono, akaishika simu karibu na macho.

"Hii ni kazi ya Suhaib, mtoto wa dada yangu. Aliipamba tovuti upya kabla hajaenda Maskati. Mie naona simu hazipigwi, nikasema alhamdulillahi, watu wameshapata njia nyingine." Akamrudishia simu. "Tangu lini?"

"Kama miezi minne."

"Na wale waliobonyeza wakakuta hamna kitu, walikwenda wapi?"

Mwaka mzima Farhan alikuwa amezitazama namba za waliobonyeza, wangapi, kutoka wapi, kwa simu gani. Hakuwahi kujiuliza swali hilo. Alimtazama mama yule aliyekuwa hajauliza kuhusu biashara yake hata kidogo, akaona aibu.

Wakampigia Suhaib. Kijana aliomba radhi mara nyingi, akatoa nywila, na Farhan akaketi barazani na kompyuta mapajani. Ukurasa wenyewe ulikuwa haujafutwa, ulikuwa umefichwa tu. Akaurudisha, akaiunganisha anwani ya zamani na mpya ili kila anayekuja kwa linki ya zamani afike. Kisha akausoma.

Ulianza hivi: "Pole sana. Kunywa maji kwanza. Usimwage pesa yoyote leo kabla hujaongea na mwenyekiti wa mtaa wako." Ukaendelea hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyekaa kando yako. Nani aitwe, kibali kinapatikana wapi, ukisafirisha mwili unahitaji nini, ndugu wakishuka stendi ya mabasi ya Mbezi Luis wapokewe vipi. Karibu na mwisho Farhan alikatiza kusoma. Paliandikwa: "Msiba wako ukiwa wa watu wengi, mie sina turubai la kutosha. Mtafute Khalfani wa Sinza. Maturubai yake hayavuji."

"Mama, huyu ndiye bosi wangu!"

"Ndiye. Nilimwona kwenye msiba mmoja Kurasini, mvua ya kufa mtu, na hakulowa hata mmoja. Kizuri cha mtu lazima ukiseme."

"Jina lake hapa halina linki."

"Basi weka hiyo linki. Si ndiyo ulichofuata?"

Jioni Khalfani aliusoma ukurasa ule kwenye simu, amesimama kati ya malori yake. Alirudia ile sehemu yenye jina lake. Farhan alikuwa amejiandaa kufukuzwa.

"Kila mara kwenye misiba naambiwa na wafiwa, tumeelekezwa na mama wa Yombo," Khalfani alisema polepole. "Mie nikidhani ni shangazi yao." Akaingiza simu mfukoni. "Ule wetu wa bei uondoe. Na hao uliowaandikia, waandikie tena. Waambie wa yule mama umefufuka."

Farhan aliwaandikia wote. Apolonia peke yake ndiye aliyejibu, kwa neno moja: "Asante."

Wiki chache baadaye alikwenda tena Yombo kumpigia Bi Rukaiya picha zisizo na ukungu. Mama alikuwa uani na brashi yake simu ilipoita. Ilikuwa sauti ya msichana, inatetemeka. Alisema anaitwa Sekela, anasoma, amepewa namba na wenzake wa hosteli za Mabibo, na baba yake aliyekuja kutibiwa amefariki asubuhi hiyo.

"Pole, mwanangu," alisema Bi Rukaiya, akaketi pale pale juu ya turubai lililolowa. "Niko hapa, sikati simu. Kuna mtu yuko na wewe? Haya. Umekula chochote leo?"

Farhan aliweka kamera kando, akaiokota brashi, akaendelea kusugua taratibu asije akafanya kelele.