Mkono wa Kushoto wa Baba

Tangu kiharusi kimpige, Baba alibakiwa na neno moja, tena nusu. "Nta," alisema. Akavuta pumzi, akajaribu tena: "Nta..." Halafu basi. Sisi tulikaa tukisubiri limalizike. Nta-nini, Baba? Ntakula? Ntageuka? Ntakwenda chooni? Tulimletea sahani, akaisukuma. Tukamgeuza, akafumba macho kwa hasira.

Shangazi, dada yake mkubwa aliyehamia kwetu kumuuguza, alikuwa na jibu lake. Alilitolea jikoni, mbali na masikio ya mgonjwa, akipangusa macho kwa mkono wa gauni.

"Anasema ntakufa. Kinywa tu ndicho kinakataa kumalizia."

"Shangazi, hujui anachosema."

"Nimeanza kumsikiliza kabla wewe hujafikiriwa, Petroli."

Petroli ni mimi. Jina nilipewa kazini, likanifuata hadi nyumbani, na sijawahi kulikana. Nafua mashuka ya hospitali. Shuka likilowa huwa zito kama mlevi anayekataa kubebwa, na mimi nayabeba kutwa, kutoka kwenye mashine hadi kwenye kikaushio. Jioni mikono yangu huning'inia tu, kama si yangu. Nikifika nyumbani namkuta mwingine ambaye mkono wake haumtii, na sina hata haki ya kulalamika.

Baba alikuwa fundi kufuli. Mchana alifungua milango ya watu waliopoteza funguo, jioni alifungua kodiani yake, kinanda cha mapajani cha kuvuta na kukunja. Ilikuwa ndogo, ya zamani, nyekundu iliyofifia hadi rangi ya matofali, pembe zake zimesuguliwa na mapaja ya watu walioimiliki kabla yake. Fahari yake ilikuwa upande wa kushoto. Kodiani nyingi, ukibonyeza kitufe kimoja cha kushoto unapata sauti tatu kwa mpigo, zimeshapangwa tayari. Hii ilikuwa ya besi huru: kitufe kimoja, sauti moja, kuanzia nzito ya kutikisa kifua hadi nyembamba kama mluzi. Ukitaka tatu, tafuta vidole vitatu.

"Huku hakuna cha kupikiwa," alikuwa akiwatambia wageni. "Unapika mwenyewe."

Aliitunza kuliko alivyojitunza. Hakuilaza, aliisimamisha kwa miguu yake. Hakuianika juani. Hakuikunjua mivukuto bila kubonyeza kitufe cha kuingizia hewa, maana utaivunja mbavu, alisema. Na aliipiga kila siku, hata akiwa hoi, eti isisahau kupumua.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia wa mwili, kikachukua na maneno. Mkono wa kushoto kiliuacha. Muuguzi wa mazoezi alituambia tuupe kazi, na Shangazi akamletea mpira wa kuminya. Baba aliurusha chini ya kitanda. Mimi nikaangalia juu ya kabati. Kodiani nyingine yoyote isingemfaa kitu, maana wimbo hukaa kulia. Lakini hii ingeweza kuimba kwa kushoto peke yake.

Niliiteremsha. Msimu wote wa joto ilikuwa imekaa pale, chini kidogo tu ya bati. Nilipoivuta ikakohoa, na ndani kitu kikacheza kama vifungo ndani ya kopo.

Niliifungua mezani, Baba ameketi kwenye kiti chake mbele yangu. Ndani kulikuwa na vibao vyenye safu za vilimi vyembamba vya chuma. Hewa ikipita, kila kilimi hutikisika na kutoa sauti yake. Vingi vilikuwa vimelegea, vingine vimeanguka kabisa. Kilichokuwa kimevishikilia kilikuwa kimekauka na kupasuka, kimekuwa chenga za kahawia. Gundi iliyozeeka, nikajiambia. Nikachukua gundi ya viatu, nikabandika kilimi cha kwanza, nikakikandamiza kwa dole gumba.

"Nta!" Baba alisema.

"Subiri, Baba. Utaona."

"Nta! Nta!" Aligonga kiti kwa ngumi ya kushoto. Mate yalimtoka. Jicho lake lilikuwa limenikodolea kana kwamba mimi ni mwizi.

Shangazi akaingia mbio, mikono imejaa sabuni.

"Umemfanya nini?"

"Natengeneza tu!"

"Unatengeneza? Unamwonyesha alichopoteza! Huoni anavyoomba afe? Funga hilo sanduku. Kuna yule jamaa wa bendi ya harusi, kila siku ananiulizia hiyo kodiani. Jumamosi aje achukue, atie hizo besi za kawaida, afurahi nazo. Hapa ndani sitaki kuiona tena."

"Haiondoki."

"Wewe unaondoka asubuhi, unarudi jioni. Mimi ndiye nashinda na hii sauti, nta, nta, nta, kutwa nzima! Nimechoka, mwanangu. Nimechoka."

Nilizisukuma chenga mezani kwa kiganja, nikafunga sanduku na kulirudisha juu ya kabati. Baba aligeuza uso ukutani, na jioni ile hakula.

Kesho yake niliingia kazini nimevimba. Msimamizi aliniuliza jambo, nikamjibu vibaya, akanipeleka chumba cha kushonea nikapoe huko. Mshonaji wetu ni mama wa makamo anayeziba matobo ya mashuka na hakuna anayeweza kumuudhi.

"Karibu, Petroli. Kaa mbali na pasi, usije ukalipuka." Alivuta uzi mrefu kutoka kwenye kibiringo. "Nipitishie hiyo nta."

Nilisimama pale.

"Nini?"

"Nta, hiyo hapo karibu na mkono wako. Uzi bila nta unakatika."

Ilikuwa donge la kahawia, limechorwa mifereji na nyuzi. Nililishika. Nikalikwangua ukingoni palipokauka, na chini ya ukucha ikaingia chenga ileile niliyoifagia jana mezani kwa kiganja changu.

"Nta gani hii?"

"Ya nyuki. Kwani wewe unazijua ngapi?" Alinitazama juu ya miwani. "We, mbona unalia?"

"Silii."

"Haya, hulii. Chukua nusu ukafanye hayo usiyoyalilia. Usiile tu."

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Nilipiga magoti mbele ya kiti, nikafumbua kiganja. Baba alilitazama lile donge. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukaligusa kwa kidole.

"Nta," alisema.

Hakuvuta pumzi kujaribu tena. Aliliacha neno pale, zima, limekwisha.

Shangazi alikuwa mlangoni na bakuli. Alikaa chini polepole, bakuli mapajani.

"Kumbe nta."

"Ya nyuki, Shangazi. Ndiyo inashika vilimi."

"Mimi nimelia, nimeacha kula, nimeshachagua na gauni la msibani... kwa nta?" Akaanza kucheka, na kicheko chake hakikuwa mbali na kilio. "Na wewe ndugu yangu, ulishindwa hata kunionyesha kwa kidole?"

Baba alinyoosha kidole, moja kwa moja, juu ya kabati. Ndipo sote tulipokumbuka ni mara ngapi alikuwa amekinyoosha hivyo, na sisi tukadhani anaonyesha mbinguni.

Shangazi aliweka bakuli sakafuni. Kisha akasema, "Lakini jamaa nimeshamwambia Jumamosi."

"Basi aje akute inaimba."

"Na isipoimba?"

Nilijua isipoimba, mimi mwenyewe sitakuwa na nguvu ya kuizuia isichukuliwe.

Kila jioni tulifanya kazi. Baba alinionyesha mtoto wa meza, droo yenye vifaa vyake vya kufuli, na humo nikakuta kijiko kilichopindwa mdomo ambacho miaka yote nilidhani ni cha kufungulia milango. Niliyeyusha nta kwenye kopo ndani ya maji ya moto, nikaimimina kwa kijiko pembezoni mwa kila kilimi, uzi mwembamba usio na pengo. Nikikosea, Baba alijipiga kofi gotini. Nikipatia, hakufanya lolote, na ndivyo alivyonifundisha kila kitu tangu utoto. Uchovu wa mashuka haukuniacha. Mara moja nilisinzia na kijiko mkononi, nta ikanidondokea pajani, nikaamka nikitukana mbele ya wakubwa. Baba alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki.

Kile kilimi cha gundi kilikataa kutoka. Nilikibembeleza, nikakitisha, wapi. Nikakiacha. Muda ulitosha upande wa kushoto tu. Wa kulia niliufunga kama ulivyokuwa, bubu, sawa na mwenye kodiani.

Jumamosi jamaa wa bendi alibisha hodi tukiwa bado tunafunga mkanda. Shangazi akamwacha asimame kizingitini. Nilimwekea Baba kodiani mapajani, nikapiga magoti ubavuni mwake, nikaushika upande wa kulia kwa mikono yote miwili usiyumbe, maana kazi hiyo mkono wake wa kulia hauiwezi tena. Alipitisha mkono wa kushoto kwenye kamba. Akabonyeza kwanza kitufe cha hewa, akakunjua taratibu, bila sauti. Hakuwa amesahau zile mbavu.

Kisha akapiga. Sauti moja. Akasikiliza. Ya pili. Wimbo ukaanza kutoka kule chini kwenye nzito, ukikwama, ukirudi nyuma kutafuta kitufe, ukipanda hadi nyembamba. Ulikuwa wa kwake wa zamani, wa kuchapia kazi, na sasa ulikwenda kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi na mzigo. Alipofika kwenye kilimi cha gundi ikatoka sauti ya pua, kama mtu mwenye mafua. Baba alikatisha wimbo. Akanitazama.

"Najua, Baba."

Akaguna, akaendelea. Mara ya pili alikiruka.

"Mbona anapiga mkono mmoja?" jamaa wa bendi aliuliza.

"Huo mmoja unatutosha," Shangazi alisema. "Ulikuja kuchukua nini vile?"

"Si uliniambia..."

"Nilisema vingi, nilikuwa nimechoka. Kaa unywe chai."

Mikono yangu iliwaka moto hadi mabegani, lakini niliishikilia. Mivukuto ikajikunja, ikakunjuka, ikajikunja. Mwishoni kidole cha Baba kilibaki juu ya ile nzito kuliko zote hadi hewa ikaisha, na kichwa chake kikaegemea kiti.

"Nta..." alisema.

Shangazi akaruka. "Ipo! Ipo tele, imebaki kwenye kopo. Kilimi kipi tena?"

Baba alitikisa kichwa. Alivuta pumzi, akaihangaikia midomo yake, sote tukimwinamia, hata jamaa na kikombe chake.

"Nta... lala."

Nikaifunga kodiani mkanda, nikaisimamisha kwa miguu yake.