Boya la Kukalia

Mume wangu alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimruhusu karibu kila kitu isipokuwa kupanda mtumbwi. Basi kila Jumamosi kaka yangu alikwenda bwawani peke yake, na mume wangu akabaki sebuleni akipangua na kupanga kisanduku chake cha ndoano, kile kile, tangu asubuhi mpaka mchana.

Kaka yangu ndiye aliyeleta habari za boya la kukalia. Ni boya la kujaza upepo, katikati lina kiti. Mvuvi anakaa miguu ikining'inia majini, amevaa mapezi ya mpira, anajisukuma kinyumenyume. Mtaalamu aliangalia picha yake kwa muda mrefu, akasema sawa.

Mume wangu alitoa sharti moja. "Kutoka majini nitoke mwenyewe. Siku nitakayovutwa mikono kama gunia, fimbo zangu zote za kuvulia nazigawa."

Nilijua hatanii.

Mwenye duka la vifaa vya uvuvi alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilidhani atatuwekea maboya chini tuyajaribu. Kumbe alikuwa na mnyororo kwenye boriti ya paa, wa kuvuta juu na kushusha, na ndipo alipotundika kila boya.

"Kwa nini usiliweke sakafuni?" nilimuuliza.

"Nikiliweka sakafuni, mama, mzee atakuwa anakalia sakafu yangu, si boya."

Hilo lilinipendeza sana. Nikavuta kigoda karibu.

La kwanza lilikuwa la mviringo kama tairi. "Hili nalivaa au nalikalia?" mume wangu aliuliza. Ilibidi ainue mguu kupita juu yake, na nyonga ikakataa. Likaondolewa.

La pili lilikuwa wazi mbele, kiti chake cha kitambaa laini chenye kina. Mume wangu alizama humo, akafumba macho. "Hili hili. Nifungie."

"Shemeji," kaka yangu akasema, "umekaa kama mtoto anayeogeshwa kwenye beseni."

"Wivu tu huo."

Mwenye duka akashusha mnyororo mpaka nyayo zikagusa sakafu. "Hapo ni kama umefika maji ya magotini, baba. Haya, simama."

Hakusimama. Aliinama mbele, akajisukuma, akarudi. Akajaribu tena. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nikaona mwenye duka amegeuka kutafuta pampu, na pampu iko mezani mbele yake. Kaka yangu, ambaye hajawahi kuacha mzaha umpite, alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya pakiti ya mshipi. Kisha yule mama, bado ametupa mgongo, akauvuta mnyororo taratibu. Boya likapanda kidogo, na mume wangu akajikuta amesimama kwa miguu yake.

"Ni zuri," alisema huku akihema. "Nitalizoea."

"Ngoja nami nikalie," nikasema.

"Wewe? Kwani unavua nini?"

"Nataka kujua tu."

Nikakusanya gauni, nikakaa. Ni kweli, lilikuwa tamu. Lakini nilipotazama, magoti yangu yalikuwa juu kuliko kiuno. Nilikuwa nimekaa ndani ya bakuli. Nikamwuliza mwenye duka kama lipo ambalo magoti hayapandi.

Akakuna kichwa, akatoa boya la kijivu lililokuwa nyuma ya mlango. "Hili watu hawalipendi, mama. Wakikaa mara moja tu wanasema gumu." Kiti chake hakikuwa kitambaa, kilikuwa kipande kinene cha sponji ngumu, na kilikaa juu, sio chini. Nilipokaa, mapaja yalilala sawa. Miguu ilipogusa sakafu nikasimama kabla sijafikiri. Nikakaa, nikasimama. Nikakaa, nikasimama.

"Dada, unajiunga na jeshi?"

Mume wangu akaja kwa kununa. Akakaa. "Gumu kama benchi la hospitali." Akasimama. Akakaa tena, akasimama tena, safari hii bila kushika kitu, mikono ameinyoosha mbele.

"Mgongo je?" mwenye duka akamwuliza.

"Unauma kidogo hapa, chini."

Yule mama akalegeza kamba za egemeo, akachomeka mto mdogo. "Sasa kaa robo saa. Mwili hausemi ukweli dakika ya kwanza."

Akamvisha na koti la kuokolea maisha, na mapezi. Katikati ya ile robo saa aliingia mteja kuulizia chambo, akamkuta mzee ananing'inia kutoka darini.

"Shikamoo, mzee. Samaki wanakula huko?"

"Marahaba. Bado, ila nimeona dalili."

Tulicheka mpaka mwenye duka akavua miwani.

Jumamosi aliingia bwawani kinyumenyume na boya lile la kijivu, na kaka yangu akawa kwenye mtumbwi hatua kumi kutoka kwake. Mimi nilikaa ukingoni na chupa ya chai. Kwa saa mbili niliona mgongo wake na kofia tu. Niliwaza mengi: kama kile kiti kimelowa na kulainika, kama nyonga imeganda, kama atathubutu kuniambia.

Kisha akaanza kurudi. Akafika maji ya magotini, akasimamisha boya. Kaka yangu akageuza mtumbwi upande wa pili. Mimi nikaiangalia chai.

Nikasikia maji yanachuruzika. Nilipoinua macho alikuwa amesimama wima, boya amelishika kwa mkono mmoja, samaki hana hata mmoja.

Sikumpigia makofi. Nilimwuliza kama maji yalikuwa ya baridi.

"Katikati yana uvuguvugu," akasema, "ila ukisogea kule kwenye matete ni baridi. Sijui kwa nini. Jumamosi nitaangalia vizuri."