Skrubu za Ukuta wa Mama

Nimeuza skrubu miaka mingi na bado zinanishangaza. Mtu anaingia dukani kwangu, anachagua vichuma vinne, anavitia mfukoni pamoja na funguo, anakwenda kutundikia kabati lenye vyombo vyote vya nyumba. Kisha anakaa chini ya kabati hilo anakunywa chai, wala hana habari. Huwa najiuliza imani kubwa namna hiyo ameipata wapi, maana wengi wao hata urefu hawaulizi.

Jumamosi moja ikawa zamu yangu kuamini. Mama alikuwa amevunjika nyonga, madaktari wakamwekea chuma, na sasa alitakiwa kulala chali mpaka mfupa ushike. Chumba chake ni chembamba, kitanda kimekijaza karibu chote. Televisheni ikiwekwa mezani, mama haioni. Ili aione lazima itundikwe juu, upande wa miguuni. Yaani ikichomoka, haina pa kuangukia ila juu ya mguu wa nyonga ile ile.

Kaka yangu tunamwita Meneja, kwa sababu kazi zote huzifanya kwa kidole. Televisheni aliinunua yeye, na katika hilo simvunjii heshima. Akafungua boksi, akanirushia kipakiti cha skrubu.

"Hizi zimekuja na kitu chake. Piga tu tumalize."

"Aliyezifunga kiwandani anaujua ukuta wa mama?"

"Dada, kwako kila kitu ni kesi."

"Haya niambie, mguu ulio hapo chini ni wa nani?"

Mama, tuliyemfunika shuka mpaka kidevuni kwa ajili ya vumbi, akasema, "Gombaneni tu, wanangu. Mimi ndiyo kwanza televisheni yangu imeanza."

Nilikuwa nimekuja na skrubu zangu, ndefu kama kidole cha kati, pamoja na vile vibomba vya plastiki vinavyotangulia tunduni ili skrubu iume. Hesabu yake ni nyepesi. Lipu haibebi kitu, lipu ni nguo ya ukuta. Kinachobeba ni tofali lililo ndani. Vumbi ndilo linalokuambia umefika wapi: la kijivu ni lipu, jekundu ni tofali. Kwa kawaida kijivu hakimalizi hata upana wa kidole.

Nikapanda kwenye kiti, nikawasha drili. Likatoka vumbi la kijivu. Nikaendelea, kijivu. Nilikuwa nimezungushia utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha urefu wa kidole; utepe ukagusa ukuta, na bado kijivu. Nikatoboa tundu la pili, yale yale. Nikashuka, nikajibana kati ya kitanda na ukuta ule, nikatoboa karibu na sakafu. Pale wekundu ukatoka papo hapo.

"Mbona umenuna?" Meneja akauliza.

Sikuwa nimenuna, nilikuwa sielewi. Niliweka pimamaji ukutani, kile kitone cha hewa kikatulia katikati kabisa. Ukuta ulikuwa umenyooka. Basi nikafunga nati kwenye uzi, nikatoka kwenda kichochoro cha nyuma ambako hapapiti mtu ila paka, nikaegemeza ngazi na kuuning'iniza uzi kutoka juu ya ukuta ule ule. Chini, kati ya uzi na ukuta, kiganja changu kizima kilipita. Kwa nje ukuta ulikuwa umelala nyuma kama mtu anayecheka sana.

Nilibaki nimeshika uzi, nikatazama juu, nikatazama chini. Kumbe ukuta mzima ulipinda, na mtu aliunyoosha kwa ndani kwa lipu peke yake, nzito juu, nyembamba chini, tabaka juu ya tabaka, na hakuacha hata ufa mmoja. Marehemu baba alikuwa fundi wa lipu. Nilikulia ndani ya chumba hiki, nikajifunza kusimama kwa kuushika ukuta huu, na sikuwahi kujua.

Nilirudi ndani. Nikasukuma penseli tunduni mpaka ikagota mwisho, na bado ni lipu, nikaweka ukucha pale ilipoishia, nikampelekea mama.

"Lipu ya baba ni nene kuliko hivi."

Akaipokea penseli, akaipima kwa vidole vyake. "Hapana. Baba yenu aliita watu, wakauvunja ukuta wakajenga upya. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa dada yangu."

"Uliwaona hao watu?"

"Nilirudi nikakuta ukuta umenyooka. Nimuulize nini tena?"

"Mama, ukuta ni ule ule. Nje umelala mpaka leo."

Mama akaipima tena ile penseli. "Nilimwambia siwezi kulala naukodolea macho, ukianguka paa litanishukia miguuni," akasema. "Nilimwambia mara moja tu."

Nilikwenda dukani nikaleta skrubu za kufungia fremu za milango, ndefu kupita kiganja, ambazo hakuna mwenye akili timamu anayezitumia kwa televisheni. Nikatoboa taratibu, kijivu, kijivu, mpaka wekundu ukaja, na nilipouona nilitaka kulia. Kila skrubu nilipoikaza, niliisikia ikipita ndani ya kazi yote ya baba ndipo ikauma tofali. Kisha nikakishika kwa mikono miwili chuma cha kutundikia televisheni, nilichokifunga kwa skrubu hizo, nikainua miguu na kuning'inia kwa uzito wangu wote, na mimi si mwembamba. Ukuta haukutoa hata chembe ya vumbi. Nilikaa pale juu zaidi ya ilivyohitajika.

Tukaipachika televisheni, tukafuta vumbi, tukamwondolea mama shuka. Meneja akamwekea rimoti mkononi, kwa fahari kama vile drili aliishika yeye.

"Haya mama, washa."

Mama hakubonyeza kitu. Aliiweka rimoti kifuani, akapandisha macho taratibu kutoka sakafuni mpaka darini.

"Subirini kwanza," akasema. "Nautazama ukuta."