Somo la Tatu na Nguzo ya Mashariki

Mwalimu Bwenawa alikuwa analala kwa Kabunare, anakula samaki wa Kabunare, na nguo zake anafuliwa na mke wa Kabunare. Sasa niambie wewe: mwalimu huyo akimtuma mwanangu aje kuuliza nyumbani, "Ukoo wenu ulipataje pahali pake katika maneaba?", mimi nielewe nini? Nilielewa nilichoelewa.

Katika maneaba, jumba letu la mikutano, kila ukoo una pahali pake pa kukaa. Petu ni penye nguzo ya mashariki. Asiye na pahali ni mgeni. Atalishwa ashibe, lakini neno hana. Na kikulacho ki nguoni mwako: Kabunare ni binamu wa mume wangu, na tangu mume wangu aende kufanya kazi melini, amekuwa akipamezea mate pahali petu. Habari ya tulivyopapata aliijua mtu mmoja tu, baba mkwe wangu, mzee Tabwena, naye atamwachia mmoja tu, maana akiijua mwingine anaweza kupadai pahali. Mimi niliyeolewa kutoka kisiwa kingine, Onotoa, sikuwahi kuisikia hata robo.

"Nani kakutuma?" nikamuuliza Teretia. Yuko darasa la tano, na mdomo wake haujui kupumzika.

"Mwalimu. Ni somo la tatu, kwenye kitabu kipya cha maarifa ya jamii. Kimetoka makao makuu, Tarawa. Shule yetu inakijaribu kwanza, kikifaa kitapelekwa visiwa vyote."

"Tarawa, eh. Na huko Tarawa nani ana haja na nguzo yetu?"

"Mama, kila mtoto ameulizwa."

"Kuuliza kila mtoto ndiyo njia ya kumuuliza mmoja."

Mzee alikuwa anasokota kamba ya nazi pajani, amesikia yote. Akamwita mjukuu wake. "Njoo nikwambie. Sisi tulitupwa hapa na upepo, hatuna hata mkeka. Babu yake Kabunare akatuhurumia, akasema ketini hapa. Basi." Teretia alipoondoka, mzee akanikonyeza. "Uongo mtupu huo. Acha umfikie Kabunare. Akishashiba sifa hatatuchokonoa tena."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Tulidhani mambo yataishia darasani.

Kumbe mama mmoja wa ofisi ya mitaala, Bibi Ruuta, alikuwa njiani kuja kuona kitabu kinavyofundishwa. Mgeni wa heshima hupokelewa katika maneaba, na kijiji kizima kilikuja. Baada ya chakula Mwalimu Bwenawa akasema watoto wataeleza walichojifunza, na akaanza na Teretia. Kwa nini Teretia? Nikamtazama Kabunare. Alikuwa anajikuna goti, hana habari, au anajifanya.

Lazima uelewe hili: linalosemwa mle ndani na mtoto wa ukoo kuhusu ukoo wake, mzee wake asipolikana, limesimama. Na Teretia alilisema lote, la upepo, la mkeka, la huruma, kwa sauti safi.

Kabunare akasema kwa upole wa kunitapisha, "Mzee wangu, samahani. Ndivyo ulivyomwambia mjukuu wako?"

Akikubali, tunahamia mkeka wa wageni siku hiyo hiyo. Akikataa, itabidi aitoe ile ya kweli mbele ya Kabunare na mashine ya Bibi Ruuta ya kunasa sauti. Mzee akaanza kujiinua. Niliogopa, sitaficha.

"Babu hakuniambia hivyo," Teretia akasema. "Nilimuuliza akakataa. Nimetunga mwenyewe, nisichekwe darasani."

Watu wakamcheka kweli kweli. Bibi Ruuta akawageukia wanafunzi wengine, akawauliza taratibu kama na wao wametunga. Mmoja akakubali, wa pili akakubali, hata mtoto wa Kabunare akainamisha kichwa. Bibi Ruuta akazima mashine yake. "Somo hili halitafika kisiwa kingine," akasema.

Bwenawa alinifuata nje. "Mama Teretia, mimi nilifundisha kilichoandikwa tu." Nikamwambia sawa. Sawa ya mdomoni. Mpaka leo sijui.

Siku hizi kila asubuhi mzee anamchukua Teretia upande wa wangwa, pale maji yanapokupwa, wanakaa wawili tu. Nikisogea, mzee anaanza kukohoa. Juzi nilipokuwa namsuka nikamuuliza, "Babu anakuambia nini kule?"

"Mambo ya samaki tu, mama."

Alinitazama usoni, macho makavu, kwa sauti ile ile safi aliyoitumia katika maneaba. Nimemzaa mwenyewe, na mimi ni mtu wa Onotoa. Nikaendelea kumsuka.