Mikono ya Salu

Umewahi kuona chuma kinachopoa ukikiondolea sumaku? Kijijini Zagayu kilikuwepo, pale zahanati, ndani ya sanduku la chanjo. Bibi Nyanjige ndiye aliyeshika mpini wa kusogeza sumaku. Sumaku ikisogea, chuma kinapata moto; akina mama wanakimwagia maji ya ndoo walizojitwisha kutoka kwao mpaka joto liishe; sumaku ikivutwa, chuma kinapoa, na dawa zinapoa pamoja nacho. Mama asiye na ndoo aliambiwa arudi nyumbani kuifuata.

Chuma hicho alikiyeyusha mzee Mwandu, mhunzi. Alisema kila chuma kina joto lake la kugeuka, na mbali na hapo sumaku haikifanyi kitu. Hiki alikichanganya kigeukie kwenye joto la mchana la Zagayu.

Wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, zahanati nayo ikapata mwenyewe, mmoja wao, Januarius. Akakata nusu ya chuma akaiuza Mwanza, akaagiza iliyobaki iyeyushwe pamoja na chuma cha bei rahisi, kipande kirudi ukubwa wake.

“Umekihamisha,” Mwandu akamwambia. “Sasa kitageukia kwenye baridi ya alfajiri ya Julai. Mchana kitalala tu.”

“Chuma ni chuma, mzee. Au hiki chako kimesoma?”

Mchana kikalala. Dawa ziliharibika bila kubadilika rangi, watoto wakachomwa hizo hizo. Miaka michache baadaye surua ilipokuja, iliwakuta kama watu wasiochanjwa. Salu, mjukuu wa Nyanjige, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuchunga ndama. Walimzika wakati wa kupalilia.

Siku ya kliniki iliyofuata alikuja mchana, amevaa lile gauni la kijani alilozikwa nalo, udongo umekauka kwenye pindo. “Mwadila,” akasalimia foleni, nao wakaitikia. Akafungua sanduku, akakikumbatia chuma. Mikono yake ilikuwa na baridi ya alfajiri ya Julai, si zaidi, si pungufu. Nyanjige akavuta mpini, na chuma kikageuka, dawa zikapoa.

Akina mama wakamsogezea kigoda.

“Huyu angalau hachelewi kama nesi,” mmoja akasema, wenzake wakacheka kidogo.

Nyanjige akamfuata Januarius kwenye mizani ya pamba. “Rudisha chuma cha mwanzo, mtoto akapumzike.”

“Mayu, mama yangu, si kinafanya kazi? Na nitampata wapi mfanyakazi mwingine asiyekula?”

Nyanjige akarudi kwenye mpini wake. Watoto wakachanjwa, wakasalimika. Kila kliniki alimuuliza Salu anataka nini, na Salu alitazama foleni, ndoo na vichanga mgongoni, akatikisa kichwa. Msimu wa pamba ukaisha, mwingine ukaanza. Ndipo siku moja, foleni imefika hadi barabarani, mtoto akajibu bila kukiachia chuma.

“Nataka kukaa jikoni kwako, bibi. Nasikia baridi.”